Tumekuja Kumuaga, Si Kuagana

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Biashara wa Shirika la Ndege, mgeni wetu rasmi uliyetoka makao makuu. Mheshimiwa Meya wa mji wetu. Daktari Mkuu wa hospitali yetu. Kapteni, rubani wetu mpendwa, ambaye naona unaigusa keki kwa tahadhari kwa kuwa mchana huu una kazi. Viongozi wa dini. Ndugu wageni waalikwa, na ninyi msioalikwa ila mlisikia kuna keki. Na wewe mwenyewe, Mzee Mizani, mstaafu wetu wa leo, pamoja na mke wako, na mama mkwe wako aliyeketi pale mbele kwa heshima zote: nawasalimu, hamjambo?

Mmeitika vizuri. Mkiitika hivyo hivyo hadi mwisho tutamaliza mapema.

Mshereheshaji amenipa dakika tano za kutoa neno la shukrani kwa niaba ya abiria. Nilipouliza kwa nini nimechaguliwa mimi, nikaambiwa: “Wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ya abiria, tena ni mwalimu mkuu mstaafu, mwalimu wa Kiswahili, utaongea kwa adabu.” Aliyesema hayo hakusoma shuleni kwangu. Waliosoma kwangu wako kule nyuma, na naona wameanza kukaa sawa kwenye viti.

Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa kuwa ni mara yako ya kwanza kufika, nikueleze ulipo. Huu ni ukumbi wa kuondokea. Pia ndio ukumbi wa kufikia. Inategemea tu umeelekeza uso wapi. Kaunta ni ile pale, leo imefunikwa kitambaa cheupe na kujaa zawadi, na ndiyo maana keki ililazimika kukaa juu ya mizani. Kwa hiyo uzito wa keki tunao, ila msimuulize Mzee Mizani, hatawaambia. Riboni iliyofungwa kwenye mizani imepinda kidogo. Naomba asicheke mtu, nitaieleza baadaye.

Sasa niende kwenye kadi ya mwaliko. Kadi ni nzuri, ina dhahabu pembeni, imechapwa makao makuu. Nimeisoma, nikaisoma tena, kama nilivyozoea kusoma insha za watoto. Imeandikwa: “Mnakaribishwa katika Hafla ya Kuagana.” Nikamwita mume wangu, nikamwuliza, “Baba watoto, hapa wameandika nini?” Akasema, “Kuagana.” Nikamwambia, “Basi lete chai, tuna tatizo.”

Ndugu wageni waalikwa, anapoondoka mtu mmoja, tunasema kumuaga. Tunamuaga yeye, yeye anatuaga sisi, anakwenda zake nyumbani, na sisi tunarudi kwenye shughuli zetu. Kuagana ni jambo jingine. Kuagana ni pande mbili, huyu anakwenda huku na yule anakwenda kule. Nikajiuliza: Mzee Mizani anakwenda nyumbani kwake, karibu na kisima. Je, huyo mwingine anayeondoka ni nani? Mimi sijafunga mizigo. Meya hajafunga mizigo, uchaguzi bado. Nikajiuliza tena: mbona wanamuaga Mzee na hatujaambiwa nani anakuja kukaa kwenye kaunta yake? Ndugu zangu, kiambishi kimoja tu, lakini kilininyima usingizi.

Nitarudi kwenye jambo hilo, Mheshimiwa, usiangalie saa. Kwanza nimsifu mtu tuliyekuja kumsifu.

Ndege yetu ni ndogo. Makao makuu mna jina lake refu lenye namba. Sisi tunaiita Kifaranga. Kwa sababu ni ndogo, kila abiria hupimwa pamoja na mzigo wake, na aliyetupima miaka yote hii ni huyu bwana. Fikirini, ndugu zangu, ni siri kiasi gani anazo. Kuna wanaume humu ndani hawajui wake zao wana kilo ngapi, na hawathubutu kuuliza. Mzee anajua. Ni mwanaume pekee mjini anayejua, na bado anatembea barabarani salama. Kwa nini? Kwa sababu mdomo wake una kufuli. Anakuangalia, anaangalia mshale, anaandika, anasema, “Karibu sana.” Uso wake hausemi lolote.

Meya wetu, na nina ruhusa yake kusema haya, au nitaiomba nikishamaliza, huvua viatu kabla ya kupanda mizani. Kisha mkanda. Kisha saa. Siku moja alivua hadi koti, akavuta pumzi na kuizuia, kana kwamba hewa ndiyo iliyomnenepesha. Mzee akasubiri kwa upole. Alipomaliza kuandika akasema tu, “Mheshimiwa, leo utakaa katikati.” Wasafiri wa Kifaranga wanajua maana yake. Wembamba hukaa popote, ila ukiambiwa katikati, kwenye usawa wa mabawa, jihesabu mwenyewe. Lakini kilo zenyewe, hata mke wa Meya hakuzipata, na alijaribu kwa mbuzi mzima.

Na je, kuna ambaye hakuwahi kufungiwa kaunta na Mzee Mizani? Anyooshe mkono. Simwoni hata mmoja. Mama mkwe wake aliwahi kufika hapa na kikapu chake, anahema. Kaunta imefungwa, lakini ndege ipo pale nje, ngazi iko chini, mlango uko wazi. Mama akasema, “Mwanangu, ni mimi.” Mzee akasema, “Mama, nakuona.” “Basi nipishe nipite.” “Mama, kaunta imefungwa.” “Imefungwa na nani?” “Na mimi.”

Mama akaketi kwenye kiti kile kile alichoketi leo, akaitazama ndege ikipaa. Halafu, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kulala, akarudi nyumbani kwa mkwe huyo huyo, akala chakula cha jioni akiwa amempa mgongo. Kwa muda mrefu akawa anamsalimia kupitia kwa binti yake: “Mwambie mumeo namsalimia,” na huyo mume amekaa hapo hapo anasikia. Mama, tunashukuru mlipatana. Na tunakushukuru zaidi kwa kumpa binti mtu wa namna hii, maana mtu asiyempendelea mama mkwe wake unaweza kumkabidhi mji.

Sasa, Mheshimiwa Mkurugenzi, nirudi kwako. Nikuite mwanangu, maana umri wangu unaniruhusu na shati lako linaniambia kuna mama mahali fulani anajivunia. Umetuhutubia vizuri. Umetuambia kwamba njia hii ya kwetu “inatazamwa upya.” Basi yule mwingine anayeondoka, wa kwenye kadi, ni Kifaranga. Umetusomea maneno ya wachunguzi wenu, na mimi niliyashika kama yalivyo: kwamba abiria karibu hawapo, kwamba “mahitaji ni hafifu,” na kwamba wakazi “wanao usafiri mbadala wa barabara, unaoridhisha.” Ulipofika kwenye neno “unaoridhisha,” nilisikia ukumbi mzima ukikohoa. Haikuwa mafua.

Ngoja nikueleze wachunguzi wenu walitukutaje, maana wao wenyewe mpaka leo hawajui.

Mvua zilipoanza, Mzee Mizani alipokea ujumbe kutoka makao makuu. Ulisema: “Maofisa wetu watasafiri na ndege yenu kuja kuangalia hali ya abiria.” Hali ya abiria! Mwanangu, kama mlitaka idadi, mngeandika idadi. Neno lipo na halilipiwi. Mtu aliyelelewa vizuri akisikia anakuja mtu kuangalia hali yake, anajua moja tu: mgeni anakuja kumjulia hali. Na mtu akija kutoka mbali kukujulia hali, unafanya nini? Unafagia, unatandika, unampisha kwenye kiti kizuri.

Mzee akapanda baiskeli yake, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kwa muuza vitambaa: “Mama, naomba usisafiri safari hii.” “Nisisafiri! Mzigo wangu unaningoja kule.” “Kuna wageni, mama. Wanakuja kutujulia hali. Tusiwabane.” “Aa, wageni? Basi, nitangoja.” Kwa bwana harusi aliyekuwa ameshafunga begi la fungate: “Kijana, wageni.” Kijana akamtazama mkewe, mkewe akatazama begi, wakafungua begi. Kwa mama mkwe wake mwenyewe, naye akamjibu, “Mimi mbona nilishazoea kuachwa.” Halafu akawapigia simu wale waliokuwa wamekwenda na wanataka kurudi: kaeni huko huko kwanza, msipande leo, viti ni vya wageni.

Ndugu zangu, duniani kuna miji ambayo ikisikia inakaguliwa, hukodi watu wa kujaza viti. Sisi tuliwaondoa hata waliokuwa na tiketi. Na tulijisikia vizuri, hilo ndilo linaloniuma. Tulitembea barabarani tukipongezana kwa adabu zetu.

Siku ilipofika, Kifaranga kikatua. Wakashuka wachunguzi, nyuma yao hakuna mtu. Humu ndani sakafu inang'aa, maua mezani, wanafunzi wangu wa zamani wameimba. Mkubwa wao akatazama viti vitupu, akatazama ukutani, akamwuliza Mzee, “Abiria wenu wako wapi?” Mzee Mizani akasimama wima, akajibu kwa fahari yote aliyonayo: “Msiwe na wasiwasi. Hamtasumbuliwa na mtu.”

Jioni wakaondoka, kila mmoja na safu yake ya viti, ameweka miguu anapotaka. Tukawapungia mikono hadi ndege ikapotea. Wakaenda kuandika walichokiona. Mheshimiwa, siwalaumu, waliandika kweli tupu. Waliona viti vitupu, hawakujua kwamba utupu ule ulikuwa ni zawadi yao.

Mmecheka, na mimi nimecheka. Sasa nisikilizeni kidogo.

Kuna daktari wa macho ambaye huja kwetu na ndege hii. Anakuja na mashine yake, ile darubini ya kupasulia, ameishika mapajani kama mtoto mchanga. Anapasua macho pale hospitalini, anawafungua wagonjwa bandeji, anawaangalia, anarudi zake. Mimi alinitoa mtoto wa jicho macho yote mawili. Nilipofunguliwa bandeji nikarudi nyumbani, nikamtazama mume wangu, nikapiga kelele: “Baba watoto, umezeeka lini?” Akanijibu kwa utulivu, “Mimi uzee wako nilishauona siku nyingi, nilinyamaza tu.” Huyu hapa, amekaa, hana hata aibu.

Daktari huyo aliwahi kujaribu huo usafiri mbadala unaoridhisha. Mheshimiwa, basi letu huondoka alfajiri. Likifika mtoni, pale daraja lilipochukuliwa na maji, abiria mnashuka na mizigo kichwani, mnavuka kwa miguu juu ya mawe, mnapanda basi jingine upande wa pili, ambalo kazi yake kubwa ni kutafuta mashimo. Daktari alifika usiku, uso umejaa vumbi. Akafungua sanduku lake, kioo cha mashine kimepasuka. Watu walikuwa wameshapangwa kwenye mabenchi ya hospitali, wametoka vijijini wakiongozwa kwa mikono. Wakarudishwa hivyo hivyo, wakiongozwa kwa mikono. Daktari Mkuu uko hapa, ulikuwepo, na nakumbuka hukuweza kuwatangazia, ulimtuma muuguzi. Tangu hapo daktari wa macho alisema wazi: kwa ndege atakuja hadi azeeke, kwa barabara haji tena.

Na ile siku tuliyowapisha wageni, kati ya viti tulivyoviacha wazi, kimoja kilikuwa cha daktari huyo. Mzee alimpigia simu kwa nia njema, “Daktari, kuna wageni, tunaomba uje safari nyingine.” Daktari akakubali. Hospitalini kulikuwa na mtu aliyekuwa amekwisha pangiwa siku ile, ameoga, amesali, ameagana na kiza. Huyo ni mdogo wangu.

Mnamjua, ni fundi cherehani. Hakuna mtu humu ambaye hajavaa mkono wake. Sare zenu wote za shule alizishona yeye, na aliwashonea kubwa ili mkue ndani yake. Sasa macho yake yote mawili yana ukungu. Mjukuu wake humtungia uzi kwenye sindano kabla ya kwenda shule, sindano nyingi zinapangwa kwenye mto, na zikiisha kazi ya siku imeisha. Anashona kwa kupapasa. Riboni ile kwenye mizani ni yeye aliyeishona kwa mkono, ndiyo maana imepinda, na ndiyo maana niliwaomba msicheke. Siku ile tulipokwenda kumwambia kwamba daktari haji, alisema, “Mgeni kwanza. Macho yangu yamesubiri, yatasubiri.” Mimi dada yake nilimwona shujaa. Leo naona tulikuwa wajinga wawili. Bado nampenda, ila wajinga.

Halafu zikaanza kuja habari kwamba njia itafutwa. Mzee Mizani alikuja kwangu, akakaa barazani, chai ikapoa mbele yake. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote bila kumpendelea yeyote, mara moja tu akaamua kupendelea, akawapendelea wageni wake. Akaniambia, “Mwalimu, nimewafungia kaunta watu wote.” Nikammiminia chai nyingine, nayo ikapoa.

Ndugu zangu, mstaafu hapaswi kwenda nyumbani na mzigo wa namna hiyo. Huo mzigo ni wetu sote, tulijibebesha wenyewe kwa heshima ya kijinga. Kwa hiyo kamati ya abiria ilikaa. Na hapa, Mheshimiwa, naomba uweke chini kikombe chako cha chai.

Je, umeona kwamba wageni waalikwa wengi wamekuja kwenye hafla na mabegi? Nilikuona ukiyatazama. Pengine ulidhani ndiyo desturi yetu. Ndugu waalikwa, hebu nyanyueni mabegi yenu juu, Mkurugenzi ayaone. Muuza vitambaa, nyanyua. Bwana harusi na bibi harusi, nyanyueni, fungate limechelewa lakini halijaoza. Mama mkwe, nyanyua hicho kikapu. Asanteni, shusheni.

Kila mwenye safari ya wiki hii, na mwenye safari ya wiki ijayo, na mwenye safari aliyokuwa akiiahirisha tangu mvua zianze, wamekubaliana safari zao zote ziwe leo. Wamelipa nauli. Wamepimwa asubuhi kabla hujafika, Meya yuko katikati. Kifaranga kinachoondoka mchana huu kimejaa, hakuna kiti kilichobaki, na kaunta imefungwa.

Ndiyo, mwanangu. Hata kiti ulichokujia wewe kina mwenyewe.

Unamtazama Kapteni. Kapteni, tazama keki yako. Mheshimiwa, ipo sheria ya shirika lako mwenyewe, imebandikwa ukutani nyuma ya maua mliyoleta: aliyelipa nauli hupanda kwanza, na mwenye tiketi ya bure ya kazi, awe mfagiaji au Mkurugenzi, hupanda kiti kikibaki. Mzee Mizani ameifuata sheria hiyo miaka yote. Hii leo ndiyo kazi yake ya mwisho, na hakutaka kuharibu rekodi. Alikuja kuniuliza jana, “Mwalimu, huoni kama tunamkosea mgeni?” Nikamwambia, “Mzee, mara ya kwanza tuliwaheshimu hadi tukakaribia kupofuka. Safari hii tutamheshimu kwa kumwonesha.”

Usiogope, hatujakutupa. Kama una haraka, basi la alfajiri lipo, na wewe mwenyewe umetuambia linaridhisha. Chukua viatu vya kuvukia mtoni, mume wangu atakuazima. Lakini kama una subira, chumba kiko tayari nyumbani kwa Mzee Mizani, mke wake amekwisha tandika, na mama mkwe, kwa kuwa anasafiri, amekuachia na mto wake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu, Kifaranga kinarudi. Basi jembe lako tumeshakuandalia: utasimama pale kwenye kaunta na Mzee Mizani, ambaye atakuwa mstaafu na amejitolea, na utawahesabu watu wakishuka, mmoja mmoja, kwa macho yako. Safari hii hatutampigia simu mtu yeyote kumwambia asipande.

Atashuka daktari na mashine yake mapajani. Mpokee, mbebee sanduku, lakini polepole. Mpeleke hospitalini. Kesho yake mdogo wangu atakuwa amelala pale amefungwa bandeji, na bandeji itafunguliwa mbele ya watu wake. Mimi dada yake nina haki ya kusimama mbele, nimemlea tangu mama yetu alipofariki, nimemfundisha kusoma, na nimesubiri siku hiyo kuliko ninavyoweza kusema hapa bila kulia. Nafasi hiyo nakupisha wewe. Hii ndiyo mara ya mwisho nampisha mgeni, na ninajua kabisa ninachofanya. Nataka mtu wa kwanza ambaye mdogo wangu atamwona awe wewe, akutazame usoni vizuri. Halafu wewe ndiye umwambie kama jicho la pili lina ndege ya kumleta daktari tena, au halina. Sisi hatutasema kitu. Tutakuwa tumesimama nyuma yako.

Mzee Mizani, umetupima vya kutosha. Nenda nyumbani, hudaiwi. Abiria wa mchana, anzeni kupanga foleni, na mwenye begi zito asijifanye lake ni jepesi. Mheshimiwa Mkurugenzi, karibu sana kwetu.

Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu.